Mashine ya Macho Ndani ya Stoo ya Ngano

Mwaka ule tulikula nzige. Sisemi tulionja. Tulikula asubuhi, tukala jioni, tukiwang'oa mabawa na miguu na kuwakaanga kwenye chungu kikavu mpaka wakapasuka kama mahindi. Kuku nao walikula nzige, hata kiini cha yai kikawa chekundu kama jicho la mlevi. Ng'ombe walikosa nyasi, maziwa yakakauka, na vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya mgando, vikaning'inia ukutani vitupu, vikinuka mkaa na maziwa ya zamani. Ukiniuliza ulikuwa mwaka wa ngapi kwa hesabu ya wazungu, nitakwambia sijui na sijali. Muulize mzee yeyote aliyekulia upande wa Ainabkoi mwaka tuliokula nzige. Ataujua kwa tumbo lake.

Mimi ni bibi wa wajukuu wengi na wote wamesoma. Mmoja anatibu mifugo, wawili ni walimu, na yule wa mwisho yuko chuo kikubwa kule Kesses. Nikipita sokoni watu husema, yule ndiye mama wa wasomi, nami nanyoosha shingo. Lakini mimi mwenyewe nilikaa darasani mwaka mmoja na miezi kidogo. Kuandika nimejifunza ukubwani. Kama mstari wangu umepinda, usome hivyo hivyo.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu, nusu ya njia kati ya Ainabkoi na mji ambao sisi tuliuita Sisibo, ndio Eldoret. Baba aliongoza maksai wa plau. Mama alipalilia. Bwana wa shamba alikuwa mtu wa ngano, na ngano ilikuwa imefika kiunoni nzige walipotua. Tulipiga madebe mpaka mikono ikavimba. Walikula tu, wakituangalia. Siku ya tatu ardhi ilikuwa tupu kama kichwa cha mfiwa, na stoo kubwa ya mabati iliyokuwa ikingoja mavuno haikuwa na cha kungoja.

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa kijana wa kwetu aliyefundishwa na wamisheni, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, mwenye koti moja na kitabu kimoja. Alimwomba bwana ile stoo. Mke wa bwana akasema, si ni tupu, waache. Bwana akasema sawa, lakini siku nikiitaka mnatoka. Hivyo ndivyo nzige walivyotupa shule. Nimewahi kumwambia padri kwamba Mungu ana njia za ajabu, na zingine ni za kuudhi.

Sasa sikiliza vile tulikaa, kwa maana kila kitu kilitoka hapo.

Kitabu kilikuwa kimoja. Ubao hatukuwa nao. Mwalimu alikaa juu ya gunia, akafungua kitabu juu ya magoti yake. Wavulana walijipanga nyuma yake na ubavuni, wakimpumulia shingoni. Sisi wasichana tulikuwa wanne, na hatungeweza kubanana na wanaume namna ile. Mama zetu wangetutoa siku hiyo hiyo. Tuliketi chini mbele yake, miguu imenyooka, tukitazama kitabu kutoka upande wa pili. Alipoweka kidole chini ya neno, sisi tulikiona kidole kiko juu yake, na neno limelala kichwa chini, miguu juu. Hatukujua kuwa limelala. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye mlango wa kutazama mashariki hadhani kuna nyumba zinazotazama kwingine.

Kwa hiyo nilijifunza kusoma kitabu kikiwa kimepinduliwa. Kwangu hadithi ilianza chini, kwenye kona ya mkono wa kulia, ikaenda kushoto, halafu ikapanda mstari wa juu yake, ikapanda tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa kusoma. Na usidhani nilikariri. Mwalimu alipenda kufungua ukurasa ambao hatujawahi kuuona na kuweka kidole popote, aone nani atawahi. Niliwahi mimi. Wavulana walinichukia.

"Huyu ana jini," mmoja wao alisema.

"Ni wewe una shingo ndefu bila kichwa," nikamjibu.

Mwalimu alicheka mpaka kitabu kikatikisika. Jioni alikifunga ndani ya kitambaa na kwenda nacho. Hakuna mtoto aliyewahi kukishika.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa akinisubiri mlangoni, na mtoto wetu wa mwisho amefungwa mgongoni mwake. Yeye ndiye aliyekuwa yaya. Mama alikuwa amesema: mtoto akitembea, na wewe utaenda shule. Basi kila jioni alimsimamisha yule mtoto ukutani na kumwambia, "Tembea basi, mvivu wewe, unanichelewesha." Mtoto aliketi kwa matako na kucheka. Halafu mdogo wangu alinigeukia. "Leo mmesoma nini?" Nami nilimwambia kila kitu, neno kwa neno, naye akalala akilirudia.

Shule ilipokaribia mwaka, mvua ndogo ikielekea kwisha, bwana aliachana na ngano. Alisema hatalisha nzige mara mbili. Aliagiza ng'ombe wa maziwa, wale wakubwa wenye mabaka, na kila mtu shambani alijua kuwa ng'ombe wa maziwa wana ndama, na ndama wanataka nyumba kavu.

Wiki zile zile mke wa bwana alipata mgeni kutoka Ulaya. Alikuwa memsaab mrefu, amevaa suruali kama mwanaume, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alikuja na masanduku matatu kwa lori kutoka Sisibo, na moja alilihofia kuliko yote: kila lori liliporuka shimo alilikumbatia kama mtoto. Ndani yake ilikuwa mashine ya kupiga picha macho ya mtu anayesoma. Si picha ya uso. Macho peke yake, na njia yanayopita juu ya karatasi.

Alikuja stoo akatueleza, na mwalimu akatutafsiria huku amesimama wima kama askari.

"Memsaab anasema jicho la msomaji halitambai juu ya mstari kama siafu. Linaruka, linatua, linaruka, linatua. Kama maige."

Maige ni watoto wa nzige wasio na mabawa bado. Tulicheka kwa sababu tulikuwa tumewala asubuhi.

"Na anasema mdomo uko nyuma ya jicho. Jicho linafika kwenye neno kwanza, mdomo unafuata hatua chache nyuma. Ndivyo mashine inavyojua nani anasoma na nani anasema tu."

"Na masikio yanafika lini?" mvulana mmoja akauliza.

"Yako hayajafika tangu mwaka jana," akasema mwalimu.

Bwana alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea bati, kofia imeshuka machoni. Alizungumza Kiswahili cha mashamba, kile cha kuamrisha maksai.

"Hawa nasoma? Hapana. Nashika kwa kichwa tu. Rafiki yangu iko na kasuku, naomba chai kila siku. Hapana soma."

Memsaab alimjibu kwa lugha yao, wakabishana, wakacheka kidogo. Kisha bwana akatugeukia sisi wote, akanyoosha kidole kwenye ile mashine.

"Haya. Mashine nasema. Kama macho nasoma, stoo kaa yenu, mimi najenga ingine. Kama macho hapana soma, mimi naweka ndama. Mwalimu, nasikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Basi ikawa hivyo. Shule yetu ikawekwa ndani ya sanduku la kioo na betri ya lori.

Filamu nyingi za memsaab zilikuwa zimeharibiwa na unyevu wa meli. Iliyobaki ilitosha mtu mmoja. Mwalimu hakufikiri hata kidogo. Alinielekezea kidevu. Wavulana waliguna, mmoja akasema wazi, "Msichana atatuharibia," na mwalimu akamwambia, "Wewe ukisoma mashine itakufa kwa usingizi."

Usiku ule mama alinipaka samli usoni ning'ae, ijapokuwa samli ilikuwa adimu kuliko mvua. Asubuhi memsaab aliifuta yote kwa kitambaa, akisema inarudisha mwanga wa taa. Ilikuwa samli ya mwisho ndani ya nyumba.

Alinikalisha kwenye kiti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti. Nyuma ya kichwa kulikuwa na ubao, mbao mbili ndogo zenye sufu zikanibana panda za uso, mkanda wa ngozi ukafungwa kwenye paji. Sikuweza kugeuka hata upana wa ukucha. Taa mbili ndogo zilinimulika kutoka pembeni, si kali, kama macho ya paka. Mbele yangu kulikuwa na kibanio, na kwenye kibanio memsaab akaweka kadi aliyoichapa kutoka kitabu cha mwalimu. Darasa zima lilikuwa nyuma yangu. Niliwasikia wakipumua.

"Soma kwa sauti, mama," mwalimu akasema. Aliniita mama kwa heshima ya siku ile.

Nikatazama kadi. Memsaab alikuwa ameiweka kichwa chini.

Haki ya Mungu, nilimhurumia. Mwanamke mkubwa vile, amevuka bahari na masanduku matatu, na hajui neno linasimama kwa upande gani! Herufi zote zilikuwa zimesimama kwa vichwa vyao kama watu walioanguka kwenye shimo. Nikafikiri, nimwambie? Lakini sisi hatukulelewa hivyo. Mgeni akikosea kigoda akaketi kwenye kigoda cha baba, humwambii inuka. Baba ndiye hutafuta kigoda kingine. Na bwana alikuwa pale, na mkewe, na mnyapara. Ningesema, yule memsaab angeaibika mbele ya watu wake. Kichwa changu kimefungwa, siwezi hata kumwonyesha kwa jicho, maana jicho lenyewe ndilo linalopigwa picha.

Nikatafuta njia ya adabu. Ukurasa ule niliujua hata kwa umbo lake, ulikuwa wa kuku na mwewe. Nikaanza kuusema kutoka kichwani.

"Kuku wetu ana vifaranga sita. Mwewe yuko juu ya mti. Kuku amewaita vifaranga, wote wamekuja. Mwewe ameondoka na njaa yake."

Mdomo ulisema vizuri bila kukwama. Macho nayo yalienda kwao. Yalishuka kona ya chini kulia, pale ambapo kila hadithi huanzia, yakaenda kushoto, yakapanda, yakaenda kushoto tena, yakiwatafuta marafiki wao na kuwakuta wamegeuka wageni. Mashine ilinguruma taratibu kama tumbo la ng'ombe. Nilipomaliza darasa lilipiga makofi, na mwalimu akasahau mahali alipo akanipiga begani.

Nilikimbia nyumbani.

"Mama! Yule memsaab hajui kusoma!"

"Wacha uongo, wewe."

"Ameweka karatasi kichwa chini! Na miwani amevaa!"

Mama aliweka chungu chini ili acheke vizuri. Jirani akaja kuuliza ni nini, akaambiwa, naye akaketi. Mdogo wangu alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaanza kulia.

"Na wewe ukamwambia?" akaniuliza.

"Nimwaibishe mgeni?"

Mama akapangusa macho. "Umefanya vizuri," akasema. "Una adabu. Nimezaa mtoto mwenye adabu."

Tangu hapo sijacheka tena kicheko kama kile.

Siku ya tano filamu ilirudi kutoka Sisibo ikiwa imesafishwa. Tuliitwa stoo sote. Memsaab alikuwa na karatasi ambayo alikuwa amechora njia ya macho yangu, vitone na mistari. Alizungumza polepole, na mwalimu akatafsiri, na kila sentensi sauti ya mwalimu ilishuka ngazi moja.

"Anasema, mdomo wa mtoto ulipokuwa mstari wa kwanza, macho yalikuwa mstari wa mwisho. Anasema mdomo ulipofika mwisho, macho yalikuwa yamefika juu. Anasema... anasema hakuna neno hata moja ambapo jicho lilitangulia na mdomo ukafuata. Anasema mtoto huyu ana kumbukumbu nzuri sana."

Memsaab hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo huniuma. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuletea pole ya msiba, akaniwekea mkono kichwani. Laiti angekuwa mbaya ningekuwa na mahali pa kuweka hasira yangu miaka hii yote.

"Si mimi nasema?" bwana akasema. "Kasuku."

Mwalimu alinishika mkono akanipeleka nyuma ya stoo, kwenye kivuli cha bati. Sijawahi kumwona hivyo. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Umenifanyia nini? Nimekosa nini kwako? Mtoto ninayemsifu mpaka kwa wamisheni!"

"Mwalimu, karatasi ilikuwa kichwa chini."

"Kichwa chini vipi? Niliitazama mwenyewe!"

"Ilikuwa kichwa chini. Sikutaka kumwaibisha."

Kisha akatoa kitabu ndani ya koti, akakifungua kitambaa, akaniwekea mikononi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na joto la kwapa lake lilikuwa bado ndani yake. Nikakifungua. Nikakigeuza vile ninavyokijua. Nikamwona akitazama mikono yangu.

"Soma hapo," akasema. "Hapana, hapo. Ukurasa huo hatujafika."

Nikasoma. Ulikuwa juu ya mtu anayechimba kisima. Niliusoma wote, na nilipokwama kwenye neno moja refu nilirudi nikalivunja vipande vipande mpaka likakubali.

Aliwaita wale wasichana watatu, mmoja mmoja. Kila mmoja alipewa kitabu. Kila mmoja alikigeuza.

Mwalimu akaketi chini kwenye majani na koti lake zuri.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima mlikuwa hapa mbele yangu, na mimi natazama kitabu."

Nilingoja anigombeze tena. Afadhali angenigombeza.

Akainuka, akajipangusa, akanichukua mpaka kwenye josho ambapo bwana alikuwa akiwahesabu ng'ombe wapya. Alivua kofia. Alieleza yote vizuri, kwa Kiswahili safi, na mimi nimeshika kitabu kama ushahidi. Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani tumeokoka.

"Nasoma miguu juu?" akasema. "Kama popo?"

Mnyapara alicheka kwa sababu bwana alicheka. Wachungaji wakacheka kwa sababu mnyapara alicheka. Mwalimu akanisukuma mbele nisome, nami nikafungua mdomo, lakini bwana alikuwa amekwisha kumgeukia ng'ombe, akimpapasa kiwele.

"Ndama nakuja Jumatatu," akasema, bila kugeuka.

Walikuja Jumatatu. Kumi na wawili, wenye masikio makubwa, wazuri, siwezi kusema uongo. Walitandikiwa majani makavu pale tulipokuwa tukiketi. Mwalimu alikaa wiki mbili bila kazi, akila kwa watu, kisha njaa ikamshinda akaenda kuandikishwa mkamuaji. Wavulana wawili walipelekwa kwa jamaa zao karibu na misheni, mbali. Hakuna aliyempeleka msichana mbali vile kwa ajili ya herufi. Tulirudi kwenye jembe.

Na yule mtoto wetu, mvivu aliyeketi kwa matako? Alitembea mwezi ule ule. Hatua tatu, nne, kutoka kwa mama mpaka mlangoni. Mdogo wangu alipiga vigelegele. Asubuhi yake aliamka kabla ya kuku, akaoga kwenye mto wenye barafu kandokando, akasimama mbele yangu akitetemeka, nywele zinadondoka maji.

"Mimi niko tayari," akasema. "Nipeleke."

Nimpeleke wapi? Nilimshika mkono tukaenda mpaka kwenye stoo, sijui kwa nini, labda nilitaka aone mwenyewe. Akachungulia kwenye nafasi ya bati. Ndama mmoja akaja akamlamba vidole. Hakulia. Alisema tu, "Wanakaa pazuri."

Nilijaribu kumfundisha mwenyewe. Nilisambaza majivu, nikashika kijiti, nikachora herufi ya kwanza. Yeye alikaa mbele yangu, kama mimi nilivyokaa. "Kichwa chake kiko wapi?" akauliza. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Baada ya mambo yale sikujua tena. Nilikuwa nimepoteza hata upande niliokuwa nao. Nikakanyaga majivu kwa mguu na kumwambia akachote maji. Hakuuliza tena, jioni ile wala nyingine. Aliolewa upande wa Yamumbi, akazaa, akazeeka. Mwanawe alipokuwa askari alimwandikia barua kutoka mbali, na mama yake alizunguka nazo mtaani akimtafuta mtu wa kumsomea, mtu yeyote, hata mlevi. Watu wakajua mambo ya mwanawe kabla yake. Amekufa akitia kidole gumba.

Mimi nilijifunza kusoma upande wa watu ukubwani, pamoja na watoto wangu, kwa vitabu vyao. Ilichukua miaka. Wajukuu wakinisifu nanyamaza. Mwalimu alikamua ng'ombe mpaka vidole vikapinda kama kucha za mwewe, na katika hilo mkono wangu umo. Sasa nitasema vipi umo, maana nimeahidi kuandika ukweli.

Mvua kubwa zilipoanza, yule memsaab alirudi. Bwana alikuwa amesimulia kichekesho cha popo mezani kwa wazungu wa Sisibo, na memsaab alipokisikia hakucheka. Alienda akatoa ile filamu yangu, akaipindua. Nilipoitwa alikuwa amesimama kando ya zizi la kukamulia, mashine imeshafungwa ndani ya banda la maziwa, mashavu yake mekundu kwa furaha. Mwalimu aliitwa atafsiri. Alikuja na ndoo mkononi, amevaa gunia badala ya koti, ananuka maziwa.

"Anasema samahani," mwalimu akaniambia. "Amekosea. Anasema macho yako yalikuwa yanakwenda hatua kwa hatua, yanaruka na kutua sawasawa kama ya msomaji wa kweli, ila yalianzia mwisho. Hajawahi kuona. Amepata filamu mpya, anataka usome tena, kadi ikiwa upande wako. Atapeleka picha kwao, wakubwa wa mambo ya macho waione."

"Stoo itarudi?"

Akauliza. Akajibiwa. "Anasema stoo ni ya bwana. Yeye ni mgeni tu."

"Amwambie bwana kuwa nilisoma."

"Amemwambia. Bwana amesema ndama hawawezi kulala nje kwa sababu ya macho ya mtoto."

Memsaab akasema kitu kingine akitabasamu.

"Atakupa nakala ya picha. Ya macho yako. Uweke."

Mwalimu akaweka ndoo chini, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, ingawa hakuwa na viatu, akaniambia kwa lugha yetu, haraka:

"Kaa tu, mtoto wangu. Ameniahidi barua kwa wamisheni, nipate darasa pahali pengine. Ukisoma leo, mimi natoka kwenye maziwa."

Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwenye viungo, na maziwa yameingia ndani ya nyufa yakawa meupe. Nilielewa kila neno. Asije mtu akasema nilikuwa mdogo sikuelewa. Na kiti kilikuwa pale, mbao zimefunguliwa zikingoja kichwa changu, na nyuma ya ukuta ndama walikuwa wakilia kwa njaa ya jioni, na sikusikia kitu kingine isipokuwa wao.

"Mwambie," nikasema. "Nilisoma, mkaweka ndama. Sisomi tena."

Mwalimu alisimama. Alimgeukia memsaab akasema maneno marefu, laini, yenye tabasamu mwishoni, na memsaab akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akavuta kiti, akakipiga piga kwa kiganja nikae. Ndipo nikajua hakuyasema yangu.

Kwetu mtoto hamtazami mkubwa usoni. Nikainua uso, nikamtazama memsaab ndani ya miwani yake, macho kwa macho, nikasema mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho hata yeye alikuwa amekwisha kukijua kidogo:

"Nilisoma, mkaweka ndama. Sisomi tena."